Generosa, Aliyesimama Mlangoni Siku Tisa

Generosa Nabintu alizaliwa karibu na Bukavu mwaka 1961. Vita vilimfanya mjane, na mwaka 2004 akafika Birmingham, Uingereza, akapata nyumba mtaa wa Kingstanding na kazi ya usafi katika hospitali moja. Waliomjua wanashuhudia kwamba hakuamka hata siku moja bila uchovu.

Wito ulimjia darasani, mwaka 2015, akijifunza Kiingereza. Mwalimu aliwasomea habari za wanawake wa mji huu ambao, karne mbili zilizopita, walipita nyumba kwa nyumba wakiwasihi watu waache sukari ya jasho la watumwa. Waliamini kwamba binadamu huzaliwa huru, na uhuru wake si zawadi ya bwana. Waliowafuata wakadai hivyo hivyo kwa ajili ya mke: uhuru wake si zawadi ya mume. Generosa aliomba asomewe tena.

Mwaka uliofuata alimkuta Raisa, msichana wa Kizanzibari, akilia kwenye kituo cha basi mtaa wa Edgbaston. Alikuwa mtumishi wa ndani. Tajiri wake alimfichia pasipoti na kumkataza kutoka ila kwa kutumwa. Raisa aliogopa kwamba polisi wangemrudisha kwao. Generosa alilileta jambo hilo kwenye kamati ya jumuiya yetu ya kanisa.

“Hayo ni ya nyumba za watu, mama,” alisema mwenyekiti. “Tafuta mwanamume akusemee.”

“Mungu aliponiumba hakumwomba mwanamume ruhusa.”

Mimi ninayeandika nilikuwemo. Nilitazama chini.

Akaenda peke yake. Siku tisa, kila alipomaliza zamu, alisimama mlangoni pa nyumba ya tajiri yule, miguu imevimba. Siku ya tisa mwenye nyumba, mwanamke mwenzake, alifungua.

“Nimeshampa ruhusa ya kutoka Jumapili. Unataka nini tena?”

“Huwezi kumpa kilicho chake, mama. Mrudishie pasipoti.”

Yule mama aliingia ndani, akarudi nayo. Wengi huuita muujiza. Raisa husema yule mama alichoka tu kumwona Generosa pale, ingawa Generosa alikuwa amechoka kuliko yeye.

Raisa alihamia kwa Generosa, Kingstanding; sebule moja ikabeba rozari na mswala. Baada yake Generosa aliwatoa watumishi wengine kumi na mmoja. Generosa alifariki tarehe 3 Machi 2023, kazini, ameketi kitini, viatu amevua.

Wapo wengine leo nyuma ya milango ya mji huu. Anayetaka kumwiga Generosa asingoje kwanza apumzike.