Dabo ya mkono mgongoni kwa ng'ombe: siku mjomba alipokubali kuniachia, Maganzo miaka ya hamsini

Habari za jioni wakuu.

Akaunti hii kanifungulia mjukuu, ila kuchapa nachapa mwenyewe kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya yalinitokea mimi, na sitaruka sehemu zinazoniaibisha.

Juzi kuna mkuu humu aliuliza kama kuna Mtanzania wa zamani aliyewahi kucheza karata za bridge, au ni mchezo wa kwenye sinema tu.

Mimi nilicheza. Nikiwa sekondari, huku Shinyanga.

Nilikuwa na aibu ya kupitiliza. Dukani nilinyoosha kidole badala ya kutaja ninachotaka. Nikifika nyumbani naandika kwenye diary yote niliyoshindwa kusema. Diary ile ninayo mpaka leo, ndiyo ninayochungulia hapa.

Mwalimu wetu wa hesabu ndiye aliyetufundisha bridge. Niliipenda kwa sababu mezani hakuna maneno mengi. Unataja namba na aina ya karata, au unasema pasi, yaani unapisha zamu, au dabo. Basi. Nikaona huu ndio mchezo wangu.

Kwa wasioujua: mnacheza wanne, wawili kwa wawili. Kwanza mnanadi kama mnadani. Kila upande unaahidi kushinda mizunguko kadhaa kwa turufu unayoitaka, anayeahidi zaidi ndiye anayechukua. Ukiona wapinzani wameahidi makubwa unapiga dabo. Wakifeli adhabu inapanda, wakifaulu umewazawadia.

Sasa njoo kwa mjomba Ngassa, kaka yake mama, karani wa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba. Likizo nilikaa kwake Ngokolo. Mwenzake wa bridge alikuwa amehamia Nyarugusu kufuata dhahabu, hajarudi, ndipo mjomba akanikalisha kwenye kiti kile kwa muda.

Tatizo lilikuwa moja. Kila nikipiga dabo, mjomba anaikimbia. Badala ya kusema pasi ili wapinzani waumie, ananadi juu yake, tunaumia sisi.

Diary, jioni moja: "Mjomba kakimbia dabo yangu tena. Nilikuwa sahihi. Naona aibu hata ya kuwa sahihi."

Jumamosi moja tukaalikwa Maganzo kucheza na Bwana Hirji, mwenye duka la vitambaa, na Bwana Kaijage, karani kutoka Bukoba. Hao walikuwa hawajafungwa na mtu muda mrefu. Tukiwa juu ya lori mjomba akaniambia bila kunitazama, "Tukifungwa leo nitatafuta mtu mzima wa kucheza naye. Wewe urudi kwenye vitabu vyako."

Wakuu, kile kiti kilikuwa mahali pekee duniani ambapo watu wazima walisubiri niseme kitu. Woga wa kukipoteza ndio ulionifungua mdomo.

"Mjomba, dabo zangu huwa unazikimbia."

"Nazikimbia. Mtoto ataniambiaje nyamaza mbele za watu?"

Nikashangaa. Kumbe yeye alisikia amri.

Mwalimu alikuwa ametufundisha dabo ya aina nyingine, akiiita cooperative double, yaani ya kushirikiana. Haimfungi mwenzako. Nikatafuta namna ya kumweleza mtu mzima bila kumfundisha, nikakumbuka mnadani. Kwetu kijana hataji bei mbele ya mkubwa wake. Akiona ng'ombe wa maana anamkagua, anaweka mkono mgongoni kwa ng'ombe, ananyamaza. Mkubwa anakuja, anatazama na yeye, ndiye anasema tuongeze au tuwaachie wengine.

Nikamwambia, "Wakinadi juu ya kopa zetu, halafu mimi nikapiga dabo, hapo nimeweka mkono mgongoni. Nimekagua, nina kitu. Tazama za kwako, useme wewe."



"Hilo ungesema siku zote," akasema.

"Nilikuwa naona aibu."

"Aibu yako imenifungisha mara ngapi?"

Nilikuwa nimemaliza maneno ya siku nzima.

Tulicheza mchana kutwa kwenye baraza la duka la Hirji. Mkono wa mwisho, yaani mgao wa mwisho wa karata, unagawiwa, tuko nyuma kama pointi mia mbili.

Mjomba akafungua: kopa moja. Hirji: shupaza moja. Nikamuunga mjomba: kopa mbili. Kaijage: shupaza mbili. Mjomba pasi, Hirji pasi. Zamu ikarudi kwangu.

Nilikuwa na malkia wa shupaza na ndogo mbili za kumlinda, nami nacheza baada ya Hirji. Ree ya uru. Mfalme wa pau. Nguvu zaidi ya nilizoahidi. Nikinadi kopa tatu na zikitimia, tunapata tisini, hazitoshi. Tukiwaangusha kwenye dabo mizunguko miwili, ni mia tatu. Wakiipata, nimewapa gemu, na kiti kimeondoka.

Ila mjomba ana nini sikujua. Akiwa na shupaza moja na kopa nyingi, heri aende kopa tatu. Akiwa na nguvu za kukabia, aache.

"Dabo," nikasema.

Kaijage akageuza sikio. "Huyu kijana kasema au kakohoa?"

Wakacheka. Nikarudia, "Dabo."

Sheria inamruhusu mpinzani kumuuliza mwenzako maana. Kaijage akamgeukia mjomba. "Bwana Ngassa, dabo ya mpwa wako ina maana gani?"

"Ameweka mkono mgongoni kwa ng'ombe."

"Ng'ombe yupi tena, bwana?"

"Shupaza zenu. Amekagua, ana kitu. Kuongeza bei au kuwaachia ninyi, nasema mimi."

Hirji akatabasamu. "Basi tumepona. Wewe hujawahi kumwachia mtu kitu."

Kaijage akasema pasi. Mjomba akazitazama karata zake muda mrefu, akanitazama mimi, akazirudia.

"Pasi."

Hirji naye pasi, nikaanzisha kopa ndogo. Mjomba akachukua kwa mfalme, akafuatisha ree. Akahamia uru, tukachukua mitatu. Kisha Hirji akajaribu kumpita malkia wangu wa shupaza, nikamngoja, nikachukua. Akajaribu pau, mfalme wangu yupo. Wakaanguka mizunguko miwili, mia tatu zetu, tukawapita.

Hirji akasukuma karata katikati ya meza. "Ngassa, mmetuuzia ng'ombe mgonjwa."

"Usiniambie mimi," mjomba akasema. "Mwambie mwenzangu huyo."

Hakusema mpwa. Diary ya siku hiyo ina mstari mmoja tu: "Mwenzangu." Nimeupigia mistari chini mpaka karatasi imetoboka.

Kiti kikabaki changu kila likizo mpaka nilipomaliza shule.

Lakini ninachojivunia zaidi kilikuja wiki iliyofuata, mnadani kweli, ng'ombe wa kweli. Mjomba alimkagua dume jekundu, miguu, meno, nundu. Watu wamesimama, mnadi anangoja. Halafu mjomba akaweka mkono mgongoni kwa lile dume, akanyamaza, akanitazama mimi.

Mimi niliyekuwa nanyoosha kidole dukani.

"Tuwaachie," nikasema, kwa sauti ambayo hata mnadi aliisikia.

Mjomba akatoa mkono. "Wabeja," akasema kwa Kisukuma, asante, tukaondoka.

Nilichojifunza: nilidhani shida yangu ni sauti ndogo, kumbe mjomba alikuwa hajaelewa kama namwamuru au namuuliza. Siku alipojua namuuliza, alinisikiliza mpaka mwisho. Na sikulazimika kuwa mtu mwingine.

Wataalamu wa bridge kama mpo, mkono ndio huo, niambieni kama nanyi mngepiga dabo ile. Na ambao hamchezi karata, nani alikuwa wa kwanza kuwaachia ninyi mseme? Wekeni hapa, nitasoma zote, miwani ninayo.