Build haina warning hata moja, na nusura dada yangu afukuzwe kazi Bwera

Salamu wakuu. Hili nimelishuhudia mwenyewe, sijaongeza chumvi. Anayetaka kubisha abishe, hata mimi ni mbishi.

Nipo Kasese mjini. Nilisoma kompyuta chuo, na jioni huwa nachangia code kwenye mradi wa open source (code iko wazi, yeyote anaweza kuchangia): programu ya kusajili watoto waliochanjwa. Inatumika kwenye vituo visivyo na internet. Unajaza jina, inaandika kwenye memory card, basi.

Kwa wasioandika code: compiler ndiyo inayogeuza code kuwa programu. Warning ni pale inaposema "hapa pananitia shaka, lakini naendelea". Mradi wetu ulikuwa na sheria: code yenye warning haipokelewi. Wote tulijivunia build safi, yaani code inageuzwa programu bila warning hata moja.

Sasa, binti wa baba mdogo, dada Biira, ni nesi kwenye kliniki binafsi Bwera, karibu na mpaka wa Congo. Wanatumia programu hiyo. Mwenye kliniki alikuwa mganga jeshini, kila mtu anamwita Afande.

Siku moja Biira akanipigia analia. Alipanda milimani na laptop ndogo, akachanja watoto wa vijiji kadhaa. Aliporudi, Afande kufungua orodha, kijiji cha mwisho hakimo. Hata mtoto mmoja!

Akamwambia hakufika huko, alikuwa kwa shemeji yake anakunywa chai, chanjo amemwaga. Ijumaa arudishe funguo za kliniki, kazi imeisha.

Nikaenda Bwera.

"Afande, huenda ni programu," nikamwambia.

"Kijana, mashine haiwezi kumuchukia mutu. Watoto beko wapi?"

Swali zuri. 

Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikafungua code. Wakuu, mimi usafi uliozidi hunisumbua. Mradi wa watu wengi hivi, warning hakuna kabisa?

Kwenye faili la build nikakuta flag hii, yaani amri ndogo kwa compiler: -Wno-unused-result. Maana yake, wewe compiler, ukiona mtu ameita function (kipande cha code kinachofanya kazi na kurudisha jibu) akapuuza jibu lake, nyamaza. Kuna mchangiaji alitaka code yake ipite, akaona kuifunga compiler mdomo ni rahisi kuliko kurekebisha.

Nikaitoa. Warning zikamwagika.

Moja ilikuwa palepale panapohifadhiwa jina la mtoto. Programu inaiambia card iandike, haiangalii kama imeandika kweli, inaonyesha tu "Imehifadhiwa".

Nikaangalia card. Imejaa. Dereva wa kliniki alikuwa ameshindilia nyimbo za rumba humo.

Nikamwita Afande ajisajili mwenyewe. Akaandika jina lake kwa kidole kimoja. Imehifadhiwa. Nikafunga, nikafungua tena. Hayumo.

Akaitazama ile skrini. "Kumbe hata mimi sijazaliwa."

Biira hakucheka. "Afande, bado mimi ni muongo?"

"Kaa na funguo," akasema, akatoka kumtafuta dereva. Samahani hakusema. Nadhani jeshini hilo halifundishwi.

Majina hayakurudi. Biira ilibidi apande mlima upya kuwaandika wale watoto. Nilitaka kumsindikiza, akanikatalia: "Wewe baki urekebishe hiyo kitu yenu."

Nikarekebisha. Mkubwa mmoja wa mradi akalalamika kwamba nimewachafulia build kwa kurudisha warning. Nikamuuliza: ilikuwa safi lini? Tukabishana kweli kweli. Mwisho code ikapokelewa, na sheria ikageuzwa: warning inaruhusiwa kuonekana, ila ukiinyamazisha andika sababu na jina lako.

Nilichojifunza: ukiwaamuru watu wasilete warning, wengine watarekebisha, wengine watajifunza kuficha, na kwa nje huwezi kuwatofautisha. Anayelipa ni nesi aliye mlimani.

Wenye projects, toeni hizo flag, compile, mje mseme mmekuta nini. Na anayeona sheria ya zamani ilikuwa bora, uwanja ni wake, ila aje na hoja.