Scola na Namba Mbili Zilizobanana

Saa tatu asubuhi, Makambako. Baridi imekaa kama mgeni asiyejua kuaga, na katika banda la kupangia maparachichi mashine imenyamaza kwa heshima zote. Mbele yake ameketi Scola, mtunzi wa programu za kompyuta, miaka ishirini na saba, mzaliwa wa Mdandu, kitenge mabegani na kompyuta mapajani.

"Kamwene, dada. Mashine inasali?" anauliza Lenard, mwenye banda.

"Kamwene, kaka. Inatafuta."

"Tangu saa moja? Ikifika saa sita haijapata, nawaita akina mama wachambue kwa mikono, na wewe tutaagana vizuri."

Hii ni kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo. Ana miezi minne nayo.

Kinachotafutwa ni uzito unaotenga daraja la kwanza na la pili. Programu hushika namba mbili, ndogo na kubwa, hujaribu ya katikati, kisha huzisogeza zikaribiane. Scola aliiamuru isisimame mpaka zilingane.

"Shuleni tuliambiwa kati ya namba mbili daima ipo nyingine," anasema. "Kwenye karatasi, sawa. Ndani ya kompyuta nafasi zinahesabika."

Fidelia, mkulima aliyeleta kreti kumi na mbili, anainamia kioo ambako namba zilezile mbili zinajirudia.

"Mwanangu, haya si matuta yaliyopakana? Hapo katikati utapanda kiazi wapi, kwenye mfereji?"

Scola anacheka. Kisha anaacha kucheka ghafla.

Namba zake ni majirani. Kila akitafuta ya katikati, kompyuta inamrudishia mojawapo ya zilezile, na msako hauishi.

Anaongeza mistari michache. Sifuri na moja zinazoiunda ile ndogo anazisoma kama namba nzima, anaongeza moja, kisha anazisoma tena kama namba yenye desimali: huyo ndiye jirani wa juu. Jirani akiwa ndiye ile kubwa, programu itosheke, isimame.

Saa tano na dakika ishirini mkanda unaguna, na parachichi la kwanza linapita kwa madaha ya bwana harusi.

Lenard anakohoa. "Ile mashine ya banda langu jipya la Njombe mjini, utakwenda kuiwekea programu lini?"

"Jumatatu, kaka."

Ana mpango wake. Mama yake anaishi Mjimwema, jirani na banda hilo jipya, na bado anaamini binti yake analipwa kwa kuchezea simu.

"Kitufe cha kuiwasha atakibonyeza mama yangu," anasema Scola. "Halafu aniambie huo ni mchezo gani."