Mwandiko wa Kiungwana

Hakuna somo nililolipenda kama la kuwafundisha watoto kuitambua dharau kwenye maandishi. Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, nami, binti wa mjini Kilwa, nimepangiwa shule ya kijijini, ndani huko, mbele ya Tingi. Darasa la saba lilikuwa bado na vitabu vilivyosalia tangu ukoloni. Kimoja kilikuwa na habari ya msafiri wa Kizungu aliyesema wapagazi wake ni wavivu kwa asili, ila wakishiba ni wacheshi. Basi mimi nagonga meza: "Neno liko wapi? Nionyesheni neno!" Siku nyingine naleta gazeti, tunalichambua vilevile, mpaka mwalimu mkuu anachungulia kuuliza kuna ugomvi gani.

Msichana mmoja alinishinda hata mimi. Wenzake wote walidakia "wavivu", yeye akanyoosha mkono: "Mwalimu, mimi naona 'ila' ndiyo mbaya zaidi. Anajifanya anasifu." Loo! Nilimpigia makofi peke yangu. Shule ile haikuwahi kupeleka msichana sekondari, nami nilishaapa huyu atakwenda.

Wiki tatu kabla ya mtihani akaacha kuja.

Siku ya kwanza nikasema homa. Siku ya nne nikapandwa na hasira. Hawa watu bwana, nilijisemea, wameshamwoza! Nikatoka shule ilipofungwa, nikaenda moja kwa moja kwao. Alikuwa akiishi na bibi yake tu. Niliwakuta uani wakianika makopa ya muhogo, nikaamkia, nikakaa, na kabla ya kumaliza hata kuulizana hali nikaanza: mtoto ana akili, mtihani umefika, kumwoza sasa ni dhuluma.

"Kumwoza nani?" bibi akauliza. Akamtuma mjukuu alete daftari, akalifungua kwenye insha ya mwisho. "Nisomee ulichoandika hapa."

Nikasoma wino wangu mwekundu: "Kazi nzuri sana, ila mwandiko si wa kiungwana."

"Nani amekwambia?"

"Nani ameniambia nini, bibi?"

"Kwamba sisi si waungwana." Akalifunga daftari. "Mama yangu alinunuliwa. Nimetoka mjini nikaja kukaa huku, watu wote wanaitana ndugu, hakuna anayejua. Sasa mwalimu anaandika kwenye daftari, watoto wanaazimana madaftari!"

Wallahi! Mimi kiungwana nilikuwa namaanisha mwandiko safi, usio na madoa ya wino. Kumbe nyumba nzima ilikuwa imekaa siku nne ikingoja kijiji kiamke na kuwaita watumwa. Nikaomba radhi, nikaapa, nikarudia mara sijui ngapi kwamba sikujua, sijaambiwa na mtu, ni neno tu, kila mwalimu analitumia.

Bibi alinisikiliza. Kisha akainuka, akaja mpaka mbele yangu, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nikaitika.

Mungu anisamehe, lilitoka lenyewe! Mwanamke wa umri wa kumzaa mama yangu ananiamkia mimi, msichana wa juzi, ananiita bibi kama zamani mtumwa alivyomwita mwenye kummiliki, na mimi naitika. Ningeweza kusingizia shule, kwamba naamkiwa na watoto tangu asubuhi mpaka nimezoea. Uongo. Nyumbani kwetu alikuwapo bibi kizee aliyekuwa akitutwangia, na sisi watoto wa nyumba ile alituamkia hivyohivyo kila asubuhi, nasi tukaitika huku tunatafuna vitumbua. Hakuna aliyetukataza. Sikuwahi hata kujiuliza kwa nini.

"Umesikia?" bibi akamwambia mjukuu wake. "Anajua."

Nilipiga magoti palepale penye makopa, nikamwamkia kama ninavyopaswa kumwamkia. Hakuitika. Alirudi kwenye ungo wake, akaendelea kupanga vipande. Nikajua mtihani umekwisha, na aliyemfelisha yule mtoto ni mimi, kwa mkono wangu.

Nilipofika mlangoni msichana akanifuata. Hakuwa analia, mimi ndiye niliyekuwa nalia.

"Nitakuja kesho, mwalimu," alisema. "Mtihani nitafanya."

Nikamshika mkono, nikashukuru, nikamwambia nitamkazania mwenyewe kila jioni, nitamsahihishia kila ukurasa.

Akautoa mkono wake taratibu, kwa adabu kabisa.

"Hapana," akasema. "Nitaomba anisahihishie mwalimu mkuu."