Kamba Niliyoikata Mnadani

Nikikumbuka, mwili bado unanisisimka. Nauza visu vya porini vya kiwandani kwenye mnada wa ng'ombe, Bariadi. Juzi mzee Masanja, mfugaji wa Lalago, alishika kimoja akapitisha kidole kwenye makali.

"Hiki butu, mwanangu."

"Baba, vya kiwandani lazima uvinoe kwanza," nikamjibu kwa majivuno. Nikakinoa kwenye jiwe, nikanyolea vinyweleo vya mkono wangu. Watu wakasogea kutazama, kichwa kikanivimba.

"Vinyweleo ni vyepesi," akasema mzee. "Kamba kinaweza?"

Kwenye nguzo ya kibanda changu palikuwa na kamba nene ya katani. Nikadhani ni ile niliyofungia turubai asubuhi. Sikuangalia hata inakoelekea. Nikaikata kwa mkato mmoja.

Watu walishangilia, halafu wakaanza kukimbia. Nyuma yangu nikasikia kwato, kisha mama muuza nyanya akipiga yowe. Kugeuka, naona dume kubwa jeupe linapasua umati, kipande cha kamba kikining'inia shingoni.

Mzee Masanja aliokota kipande cha kamba kilichobaki kwenye nguzo.

"Mwanangu," akasema polepole, "huyo nimemnunua sasa hivi, nikamfunga nyuma ya kibanda chako. Ni wa mahari ya kijana wangu."