Siku Mwezi Aliponifuata Zizini

Wenzangu wa milimani Masisi, kule Kongo, nyinyi mliokuzwa kwa mashanza, yale maziwa mazito ya kugandishwa kwenye kibuyu, mtanielewa. Enzi zetu mtoto alijua majina ya ng'ombe kabla ya kujua majina ya shangazi zake. Mimi shule niliionja tu, lakini ng'ombe wa Misye Alberi, mzungu mwenye shamba, nawataja mpaka leo: Mwezi, Sukari, Bibi Harusi, Mkia Mfupi, na yule mkorofi tuliyemwita Polisi.

Juzi hapa Kensington, mtaa wetu huku Afrika Kusini, jirani alimfanyia mtoto wake sherehe ya kuzaliwa, akaleta farasi wa kukodi. Farasi mwenyewe kama mbuzi aliyeshiba. Mtoto kavishwa kofia ngumu, mtu mmoja kashika kamba, mwingine kamshika mtoto, mama yake anapiga picha. Wakazunguka uani, basi. Mjukuu wangu Naomi akaniambia, "Gogo, ona, anaendesha farasi!" Gogo ndivyo watoto wa hapa wanavyowaita bibi zao. Nilicheka hadi chai ikanipalia. Anaendesha? Yule alikuwa mzigo!

Sisi tulijifunza kwa kuanguka. Baba yangu, Mzee Bahati, alikuwa mkuu wa wachungaji, na kwa vile malisho yalipanda na kushuka milima, ng'ombe wa shamba lile walichungwa kwa farasi. Akanipa farasi jike mweusi, Bizu. Bizu alikuwa na ujanja wake. Ukimfunga mkanda wa tandiko anajaza tumbo hewa. Ukishapanda anaitoa taratibu, mkanda unalegea, tandiko linazunguka na wewe unazunguka nalo. Siku ya kwanza nilijikuta chini ya tumbo, nywele zinafagia majani. Baba hata hakukimbia. Akainama, akaniuliza, "Mwamini, unamkamua au?"

Mafunzo yake yalikuwa maneno machache. "Usimfukuze ng'ombe. Angalia anapotaka kupita, ukasimame hapo kabla yake." Ukimkimbiza, alisema, utaona mgongo wake tu mpaka jua lizame. Jioni tulifanyia mazoezi uani kwa miguu. Mimi farasi, wadogo zangu ng'ombe, nami namtoa mmoja kundini na kumzuia asirudi kwa wenzake. Mdogo wangu Riziki alikuwa ng'ombe mbaya sana, anang'ata. Mama anatoka jikoni na mwiko: "Nyinyi ng'ombe, viazi tayari!" Tunakimbilia sufuria sote, farasi mbele.

Sasa, mwaka ule dada yake baba, shangazi Furaha, alijifungua mapacha kule Goma. Akanitaka mimi nikamlelee. Nililia siku nzima. Goma! Mji wa watu wanaonunua maziwa! Baba alishindwa kumkatalia dada yake, akashindwa kunikatalia mimi, akatoa hukumu ya mtu aliyebanwa mlangoni: "Bonane kuna mashindano. Mwamini akimwingiza ng'ombe wake zizini mbele ya watu, anabaki. Akishindwa, anapanda lori."

Bonane, siku ya kwanza ya mwaka, shamba zima lilikusanyika. Misye Alberi alikaa kwenye kiti, akitaja jina la ng'ombe mmoja, na mpanda farasi anaingia kundini kumtoa huyo huyo, kumvusha uwanja, kumfikisha zizini. Shangazi alishafika na lori la kabichi. Kifurushi changu alishakifunga mwenyewe. Alinitabasamia kama mtu aliyekwisha kunipangia mahali pa kulala.

Kambale, kijana aliyejiona kazaliwa na tandiko, alitangulia. Alipewa Polisi. Walipita uwanjani, wakapita bustani ya Madamu, mke wa Misye, wakapita nguo za Madamu kwenye kamba. Polisi aliingia zizini na shuka kwenye pembe, lakini aliingia. Watu wakapiga vigelegele.

Mimi nikapewa Mwezi. Niliingia kundini polepole, mkanda nikiwa nimemkazia Bizu mara mbili. Mwezi akataka kupita kushoto, nikawa kushoto. Akageuka kulia, nikawa kulia. Akatoka! Peke yake uwanjani! Nikasikia sauti ya baba, "Hivyo hivyo, mwanangu!" Furaha ikanizidi. Mdomo ukafunguka wenyewe, nikamwita kama kila asubuhi wakati wa kukamua: "Mwezi wee, njoo mama, njoooo!"

Mama wee. Mwezi akaja. Akaegesha kichwa kwenye mkia wa Bizu, akatulia. Nikizunguka nimsukume kutoka nyuma, naye anazunguka anifuate. Tukawa tunazunguka kama watu wa harusi. "Nani anamchunga nani?" Kambale akapiga kelele. Mwisho nikachoka, nikaelekea zizini mbele, Mwezi nyuma. Nikasikia kishindo. Kugeuka: Sukari, Bibi Harusi, Mkia Mfupi, kila ng'ombe niliyewahi kumkamua anakuja. Mwito wa kukamua wameusikia wote! Zizi likajaa mpaka mimi na Bizu tukakosa mahali pa kugeukia.

Misye Alberi alisimama. "Nimeomba mmoja!" Zawadi, blanketi jipya, ikaenda kwa Kambale.

Shangazi akachukua kifurushi. "Kaka, umeona. Hakumchunga, amefuatwa tu. Twende."

Baba akaegemea lango la zizi. "Nilisema nini, dada? Nilisema amwingize ng'ombe wake zizini. Ameingia. Sikusema nani atangulie."

"Kaka!"

"Na wenzake wote wameingia. Au unataka uwatoe wewe?"

Shangazi akaangalia pembe zile. Akashusha kifurushi changu, akamchukua Riziki.

Hivyo nilibaki na ng'ombe wangu miaka mingi mizuri, mpaka vita vikawamaliza na sisi tukatawanyika. Leo vijana wana kofia ngumu na mtu wa kuwashikia kamba, na hakuna anayejua ng'ombe hata mmoja kwa jina. Maziwa wanayatambua kwa rangi ya kifuniko. Na mimi niliyelia siku nzima nisipande lori, tazama nilikofika. Binti yangu anasuka watu nywele kule Berea tangu asubuhi, watoto wake wanne wananisubiri mezani, wawili wao mapacha. Sikulea Goma, nalea Johannesburg. Na safari hii baba hayupo wa kunitetea.