Kuku wa Susu

Mwalimu wa binti yangu alisema tumwekee mahindi na maharagwe kwenye trei, ayatenganishe kwa vidole. Nimemwaga yale yaliyotoka nyumbani Kalama, na harufu ya majivu ya kuzuia wadudu ikanijaa puani.

Nilipokuwa mdogo, Susu, bibi yangu, alinikalisha jikoni na ungo uliojaa vivyo hivyo. Maharagwe yaliteleza, mahindi yalikwaruza, majivu yakanikausha vidole.

"Susu, nimemaliza."

"Kanawe mikono."

Niliporudi, kila kitu kilikuwa kimechanganyika tena.

"Ni kuku," alisema akichochea moto, bila kunitazama. "Anza tena."

Nilianza tena, machozi ya hasira yakinitoka. Yule kuku mwekundu nilimchukia kabisa. Nilimfukuza kwa mawe hadi kwa jirani, na kesho yake akarudia yale yale.

Sasa binti yangu amemaliza kabla sijaosha hata sufuria moja. Ananivuta sketi, analia anataka simu. Namtuma chumbani alete mwanasesere wake. Anarudi, anaitazama trei, anakunja uso.

"Mama, nani amechanganya?"

"Ni kuku," nasema, mikono ikiwa kwenye povu. "Anza tena."

Tunaishi ghorofa ya tatu.